Feloshipu ya utafiti: si skolashipu, si ajira, na mengi yanayosemwa juu yake hayako hivyo

Kila msimu wa maombi ukifika, orodha zilezile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Fursa 20 za kusoma na kufanya utafiti nje, gharama zote zinalipwa." Ukifungua, ndani mmerundikwa vitu vinne visivyofanana hata kidogo: skolashipu ya uzamili, kazi ya miaka miwili kwenye maabara ya mtu, ruzuku ya kununulia vifaa, na feloshipu ya utafiti. Msomaji anaomba vyote kwa barua moja, anakataliwa kote, na anahitimisha kwamba mambo haya ni ya wenye kujuana. Hata aliyeipata feloshipu hana raha. Akieleza kwamba anakwenda kufanya utafiti miaka miwili, ndugu wanamuuliza: "Kwani bado unasoma? Utamaliza lini?"

Hasomi. Wala hajaajiriwa kwa maana tuliyoizoea. Tuvitenganishe kwanza vitu hivi vinne.

Skolashipu humlipia mtu nafasi ya kujifunza: ada, malazi, vitabu, hadi apate cheti. Ajira ya mradi ni kazi ya mkataba: mtafiti mwandamizi ana swali lake na fedha za kulijibu, anatafuta mtu wa kumsaidia. Ruzuku ni fedha za kazi yenyewe, yaani kemikali, vipimo, safari za uwandani na malipo ya wasaidizi. Feloshipu humlipa mtafiti aliyekwisha kuiva, au aliye karibu kuiva, ili kwa muda maalumu afanye utafiti alioubuni yeye mwenyewe.

Chukua karakana ya useremala. Kijana aliyelipiwa ada ajifunze kushika randa ana skolashipu. Aliyefuzu akaajiriwa kutengeneza milango ambayo tajiri alishaichora yuko kwenye ajira ya mradi. Aliyepewa mbao na misumari, lakini ujira atajua mwenyewe, amepata ruzuku. Mwenye feloshipu ni fundi aliyekuja na mchoro wake mkononi. Mwenye karakana anamkaribisha atumie meza na misumeno, na mtu wa tatu kabisa ndiye anayemlipa fundi huyo ili asihangaikie mlo huku anakamilisha alichokichora.

Huyo mtu wa tatu ndiye wa kumwangalia. Kwa kuwa fedha zake zinamfuata mtu, haziendi kwa profesa wala kwa maabara, karibu kila kanuni inayowashangaza waombaji inatokana na hapo: kwa nini wanahesabu miaka yako, kwa nini wanauliza uliishi wapi, kwa nini wanataka barua za watu wanaokujua, na kwa nini hata ukishapata unaweza usijue kama wewe ni mwajiriwa au la.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Jina lililo kwenye tangazo halitoshi kukuambia ni kitu gani. Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, lililoanza mwaka 2007, hutoa fedha ziitwazo Starting Grant, na kwa jina ni ruzuku. Lakini ni hadi euro milioni 1.5 kwa miaka 5, na ndani yake mtafiti anaweza kujilipa mshahara na kuunda kikundi chake. Upande mwingine kuna "feloshipu" ambazo ukizichungulia ni kozi ya uongozi ya wiki chache yenye picha ya pamoja mwishoni. Soma aya inayoeleza fedha zinalipia nini. Kichwa cha tangazo kiache.

Miaka inahesabiwa kuanzia wapi

Matangazo husema feloshipu ni kwa ajili ya "watafiti walio mwanzoni mwa kazi". Wengi husoma hapo neno "vijana", na mtu wa miaka 41 aliyetetea tasnifu yake mwaka jana anajiondoa mwenyewe kwenye foleni. Katika programu nyingi kubwa kinachopimwa ni muda tangu upate shahada ya uzamivu. Umri wako hauna kazi hapo. Alexander von Humboldt Foundation ya Ujerumani huweka ukomo wa miaka 4 kwa waliomaliza uzamivu karibuni, na wanaopita hapo hadi miaka 12 wana kundi lao la watafiti wazoefu. JSPS, shirika la kukuza sayansi la Japani, huhesabu miaka 6. Feloshipu za Newton za Uingereza, zinazowaleta watafiti kutoka nje, huhesabu miaka 7.

Namba hizi hazilingani hata pale zinapokaribiana, maana kila mmoja ana saa yake. Humboldt huangalia kalenda: ulimaliza lini. Feloshipu za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya, ambazo katika mwito wa maombi wa 2025 ziliweka ukomo wa miaka 8, ziliangalia muda uliotumika kwenye utafiti hasa. Mtu aliyetetea tasnifu mwaka 2015, akafundisha sekondari miaka 6, kisha akarudi maabara miaka 4, kwa kalenda ana miaka 10. Kwa saa ya pili ana 4 tu. Mtu yuleyule, wasifu uleule, upande mmoja amechelewa na upande wa pili bado yuko mapema.

Kisha kuna nyongeza. Ugonjwa wa muda mrefu, utumishi wa lazima jeshini, kulea: programu nyingi husogeza ukomo mbele kwa sababu hizi. Katika ERC, mama huongezewa miezi 18 kwa kila mtoto, awe alichukua likizo ndefu au fupi. Mama wa watoto wawili, basi, ana miaka 3 kamili ya ziada. Baba naye huongezewa, ila kwa muda halisi wa likizo aliyoichukua na kuithibitisha kwa nyaraka. Haya huandikwa chini kabisa kwenye mwongozo wa waombaji, mahali ambapo macho ya mtu yameshachoka.

Na uzamivu si sharti la kila mahali. Nchini Marekani, shirika la sayansi la NSF limekuwa likitoa feloshipu kwa wanafunzi wa shahada za juu tangu mwaka 1952: miaka 3 ya posho, dola 37,000 kwa mwaka, itumike ndani ya kipindi cha miaka 5. Hapa mtu anaweza kusema kwamba hiyo basi ni skolashipu. Inafanana nayo, ndiyo. Tofauti ni kwamba mwanafunzi huyu hategemei mradi wa profesa wake ili ale. Akiona maabara haimfai, anahama na fedha zake. Ukilijua hilo utaelewa kelele za Aprili 2025, pale NSF ilipotangaza majina 1,000 tu, nusu ya idadi iliyozoeleka, kabla ya kuongeza 500 mwezi Juni. Waliokosa hawakukosa masomo; wengi walikuwa na nafasi vyuoni tayari. Walikosa uhuru huo.

Wanahistoria, wanafasihi na wanafalsafa nao wasidhani wamesahaulika. Harvard ina Society of Fellows tangu mwaka 1933, inayowapa wasomi chipukizi miaka 3 ya kufanya watakalo. Ila huko mtu hajiombei, huteuliwa na anayemjua. Maktaba kubwa za utafiti, kama Folger ya Washington na Newberry ya Chicago, zina feloshipu fupi za wiki kadhaa au miezi kwa mtu anayehitaji kukaa mbele ya hati ambazo hazipo kwingine. Fedha zake si nyingi. Lakini kwa mwanahistoria, mwezi mmoja kwenye nyaraka zenyewe unaweza kuzaa sura nzima ya kitabu.

Posho au mshahara

Hapa watu hupoteza fedha halisi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Feloshipu za Marie Skłodowska-Curie hazilipwi moja kwa moja mfukoni mwa mtafiti. Fedha huenda kwa chuo au taasisi inayompokea, nayo kwa kawaida humwandikia mkataba wa ajira. Kiwango kinachotangazwa kwa mwezi kimebeba kila kitu, pamoja na michango ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa kwenye mifuko ya jamii. Halafu huzidishwa kwa kigezo cha gharama za maisha za nchi husika, kinachoweza kukipandisha au kukishusha. Halafu kuna kodi. Ile namba inayosambazwa mitandaoni na ile itakayoonekana benki ni ndugu wa mbali sana.

Ukiondoa mshtuko huo wa kwanza, makato yale yana faida. Una bima, una haki ya likizo, miaka yako inahesabiwa kwenye pensheni.

Humboldt ni kinyume chake. Ile ni posho ya kujikimu, haimfanyi mtu kuwa mwajiriwa wa yeyote, hivyo hakuna mchango wa pensheni unaokatwa wala kuongezwa na mwajiri. Vivyo hivyo kwa feloshipu za NIH, taasisi za afya za Marekani, zile za kundi la Kirschstein: mpokeaji hahesabiwi kuwa mwajiriwa wa NIH wala wa chuo anakofanyia kazi. Anaweza kukaa meza moja na mwenzake aliyeajiriwa kwenye mradi, wakatumia hadubini moja na kuandika makala moja, mmoja akiwa na akiba ya uzeeni na mwingine hana. Na mara nyingi asiye nayo ndiye mwenye heshima kubwa zaidi kwenye wasifu.

Kwa maoni yangu, mtu mwenye watoto achukue mshahara wa wastani wenye bima kabla ya posho nono isiyo nayo, hata kama posho hiyo ina jina kubwa. Asiye na familia ana nafasi ya kucheza kidogo. Kwa vyovyote, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kusaini, na hakuna mfadhili makini atakayekuona msumbufu kwa kuyauliza: mwajiri wangu kisheria ni nani? Nikiugua mwezi mzima, nani ananilipa? Nikijifungua katikati, muda unasimama au unaendelea kuhesabiwa? Tiketi ya mwenza wangu imo, au ni yangu peke yangu?

Lazima uhame?

Kanuni inayowaudhi watu kuliko zote ni ya kuhama. Kwa feloshipu za Marie Skłodowska-Curie, mwombaji asiwe ameishi au kufanya shughuli yake kuu katika nchi anayotaka kwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia tarehe ya mwisho ya maombi. Uraia hauhusiki, kinachoangaliwa ni mahali ulipokuwa. Mwenye pasi ya nchi hiyo aliyekaa nje miaka mitano anaruhusiwa, na mgeni aliyekuwapo hapo miaka miwili haruhusiwi. Likizo fupi hazihesabiwi, wala utumishi wa lazima jeshini.

Mtego wake uko hapa. Mtafiti ana hamu ya kufanya kazi na kikundi fulani. Anapata mkataba mfupi pale pale chuoni, anafurahi, anaenda "kujuana nao kwanza". Anakaa miezi 14. Siku anapofungua fomu ya maombi anakuta nchi hiyo imeshafungwa kwake, na kikundi alichokwenda kujuana nacho ndicho hasa asichoweza kukiombea. Angekaa miezi 11 angekuwa na kila kitu: uzoefu, mwenyeji anayemfahamu, na sifa za kuomba.

Sababu ya kanuni yenyewe inaeleweka. Mtu aliyemaliza uzamivu huwa bado yuko chini ya kivuli cha msimamizi wake, na wafadhili wanataka kuona kama atasimama mwenyewe kwingine. Human Frontier Science Program, mfuko wa kimataifa wa sayansi ya uhai ulioanzishwa mwaka 1989, unakwenda mbali zaidi: unamtaka mtu abadilishe nchi, tena aingie kwenye eneo la utafiti ambalo si lile alilolizoea. Kwa mtu asiyefungwa na kitu, huo ni msisimko. Kwa mwenye mzazi mgonjwa, au mwenza aliye na kazi nzuri asiyetaka kuiacha, ni mlango uliofungwa, na sioni haki katika kumpima uhodari wake kwa kigezo hicho.

Wapo wafadhili walioliona hilo. OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, hutoa hadi dola 50,000 kwa mwanamke mwenye uzamivu ili aongoze utafiti akiwa palepale kwenye taasisi ya nchini mwake. Stellenbosch, Afrika Kusini, ipo Iso Lomso, feloshipu ya miaka 3 kwa watafiti wa Kiafrika, ambayo humruhusu mtu kubaki na kazi yake nyumbani na kwenda kukaa kwenye taasisi ya STIAS kwa vipindi. Kwa hiyo anayesema feloshipu ni lazima kuondoka anasema nusu ya habari.

Wanaosoma andiko lako

Turudi kwa wale wenye kusema "ni kujuana". Mchakato wa feloshipu za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya uko wazi kiasi cha kutosha kuutazama kwa karibu. Andiko la maombi lina kurasa 10 za kuieleza kazi. Ukiandika ukurasa wa 11, mfumo unaufunika na wasomaji hawauoni kabisa; hoja yako nzuri ya mwisho inabaki gizani. Wataalamu watatu husoma kila mmoja kivyake, kisha huafikiana. Ubora wa sayansi una uzito wa asilimia 50, manufaa yatakayotokana na kazi 30, na utekelezaji 20.

Waombaji hutumia miezi miwili kwenye ile 50 na usiku mmoja kwenye ile 20. Ratiba ya kazi wanaichora haraka, kwenye hatari zinazoweza kutokea wanaandika "hatutarajii tatizo", na mpango wa nini kifanyike vipimo vikikataa haupo. Alama zinadondoka hapo, kwenye mambo ambayo hayahitaji akili nyingi. Na zinauma, maana katika baadhi ya majopo mstari wa kupata fedha hupita alama 90 kwa 100.

Mwito wa 2024 ulipata maombi 10,360, na waliopata walikuwa 1,696, chini kidogo ya mmoja kati ya sita. Mwaka uliofuata maombi yakafika 17,058. Aliyepata alama 85 au zaidi akakosa fedha hutumiwa cheti kiitwacho Seal of Excellence kinachokiri kwamba kazi yake ilistahili. Baadhi ya nchi na taasisi hukitumia kumpa fedha kutoka mfuko mwingine bila kumpima upya. Kwa hiyo usikitupe. Aliyepata chini ya alama 70 mwaka 2024, kwa upande wake, hakuruhusiwa kurudi mwaka 2025 akiwa na taasisi ileile.

Sasa, kati ya mwenye alama 93 aliyepata na mwenye 92 aliyekosa, nani mtafiti bora? Hakuna jopo linaloweza kujibu hilo kwa uaminifu. Mfuko wa taifa wa sayansi wa Uswisi ulikubali ukweli huo na kuanza kupiga kura ya bahati nasibu kwa maombi yaliyolingana kabisa, na mahali pa kwanza ulipoijaribu palikuwa feloshipu za Postdoc.Mobility, zinazowapeleka watafiti chipukizi nje. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilikuwa limetangulia, mwaka 2013, kwa ruzuku zake za mawazo mapya. British Academy ya Uingereza ikafuata mwaka 2022 kwa ruzuku zake ndogo. Wanaopinga husema sayansi haichezwi kamari. Mimi naona kamari ilikuwapo siku zote. Walichofanya hawa ni kuitaja kwa jina lake, na baada tu ya andiko kupimwa na kukubalika.

Ila bahati hiyo ina mkia mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watafiti chipukizi wa Uholanzi walioomba fedha za taifa, ukawalinganisha waliopita kwa chupuchupu na waliokosa kwa chupuchupu. Alama zao zilikuwa karibu sawa. Katika miaka 8 iliyofuata, waliopita walijikusanyia zaidi ya maradufu ya fedha za utafiti. Jambo la kutazama ni kwamba sehemu ya pengo hilo ilitokana na waliokosa kuacha kuomba tena. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, huu wa waombaji wa ruzuku za NIH, uliona vilevile kwamba baadhi ya waliokosa kwa chupuchupu walitoweka kabisa kwenye mfumo. Waliobaki, baada ya miaka, makala zao zilikuwa na uzito kuliko za waliopita.

Orodha ya akiba nayo isidharauliwe. Maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 yaliacha faida, na tume iliyokuwa na fedha hizo ikaanza mwaka 1891 kuwalipia wahitimu wa himaya ya Uingereza wakafanye utafiti. Zamu ya New Zealand ilipofika, aliyechaguliwa alikuwa James Maclaurin, mkemia. Maclaurin akaiacha nafasi. Ikaangukia kwa aliyefuata, Ernest Rutherford, ambaye mwaka 1895 aliingia Cambridge kwa mwanafizikia J. J. Thomson, na mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel.

Barua kwa mwenyeji

Feloshipu nyingi hudai uwe na mtu wa kukupokea kabla hujaomba. Hapa ndipo "kujuana" hupata ukweli wake kidogo, lakini kujuana huku huanza kwa barua pepe kwa mtu usiyemjua, na tatizo ni namna watu wanavyoiandika. "Mheshimiwa Profesa, nimevutiwa sana na kazi zako bora. Naomba nafasi yoyote kwenye maabara yako." Barua hiyo ingeweza kutumwa kwa mtu yeyote duniani, na mara nyingi imetumwa.

Linganisha na hii: "Mwaka jana maabara yenu ilionyesha kwamba kimeng'enya hiki hupoteza nguvu joto likipita nyuzi 60. Katika tasnifu yangu nilipata aina yake inayovumilia nyuzi 75, ila sijaliona umbo lake kwa kuwa chuo chetu hakina hadubini ya elektroni. Nataka kuomba feloshipu ya Humboldt kwa kazi hii. Je, ungekuwa tayari kuwa mwenyeji wangu? Naambatanisha ukurasa mmoja wa mpango." Hapa profesa anaona mambo matatu kwa mara moja: mwandishi amesoma kazi yake, ana kitu ambacho maabara haina, na hataki mshahara kutoka kwake. Hilo la tatu hufungua milango mingi, kwa sababu mgeni anayekuja na fedha zake si mzigo kwa mtu.

Barua za wadhamini, yaani wale watu wanaokujua, nazo ziombe mapema. Mpe mdhamini andiko lako alisome, usimpe tarehe ya mwisho peke yake, maana asiyejua unachopanga kufanya ataandika kwamba wewe ni mchapakazi na mwadilifu, na maneno hayo hayamsaidii mwombaji yeyote.

Masharti, ada, na siku fedha zinapokwisha

Husemwa kwamba fedha za feloshipu ni za bure. Kwa sehemu kubwa hazirudishwi, ni kweli, lakini soma masharti. Mwenye feloshipu ya Kirschstein baada ya uzamivu huingia deni la muda kwa miezi 12 ya kwanza. Hulilipa kwa kuendelea na utafiti au kufundisha miezi mingine 12, na asipofanya hivyo hudaiwa fedha. Msomi wa Fulbright, programu ya serikali ya Marekani ya kubadilishana wasomi, anayekwenda huko kwa viza ya J-1 hutakiwa kurudi na kukaa nchini mwake jumla ya miaka miwili kabla ya kuruhusiwa aina kadhaa za viza za kazi au ukaazi wa kudumu. Wapo wanaoligundua hilo wakiwa tayari wamepata ofa ya kazi.

Kuhusu ada: Humboldt, Marie Skłodowska-Curie, Newton, Fulbright na Human Frontier hazimtozi mwombaji hata senti. Anayekudai "ada ya usajili" au "ya kuharakisha" kwa jina lao ni tapeli, na barua yake huwa na nembo nzuri kuliko ya wenyewe.

Mwisho kuna hesabu ya miezi, ambayo huwapata hata waliofaulu. Dirisha la Marie Skłodowska-Curie kwa kawaida hufungwa Septemba, majibu hutoka Februari, na baada ya hapo kuna mkataba, viza na kuhamia. Aliyeomba Septemba huku mkataba wake wa sasa unaisha Desemba ana miezi mingi ya kuishi bila kipato hata kama atashinda. Ndiyo maana mwenye feloshipu ya miaka miwili, anapotimiza mwaka wa kwanza, utamkuta ameshafungua faili jipya na kuanza kuandika andiko la feloshipu au ruzuku itakayofuata.